Kumwambia Dokta Aliyekuamkia Shikamoo

Mimi ni mwanamke niliyefundwa. Kabla sijaolewa somo yangu alinikalisha chumbani akanieleza ya kitandani bila kumung'unya maneno: kujinadhifisha, kujifukiza udi, kumpokea mume, hata mikao alinionesha mpaka nikaficha uso kwa kanga. Hedhi alinieleza, josho la janaba alinieleza, arobaini ya uzazi alinieleza. Habari yake ikaishia hapo. Mwanamke akifika hamsini damu ikamkatika, hakuna ngoma anayochezewa. Hakuna anayemweka ndani akamwambia: sasa utakutana na hili na lile, na likikukuta nenda kaseme hivi.

Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka hamsini na ushei. Sayansi nimeifundisha miaka mingi, na mchoro wa mfumo wa uzazi wa mwanamke nauweka ubaoni bila kutazama kitabu. Balehe naieleza mbele ya watoto bila haya, wao ndio wanaochekea kwapani. Kwa hiyo mtu angedhani mimi ndiye wa mwisho kukosa maneno mbele ya dokta.

Damu ilipoanza kuruka miezi sikushtuka. Joto la ghafla lilinitesa, lakini joto hilo unaweza kulisema hadharani. Chumba chote cha walimu kilijua. Mwenzangu akiniona najipepea na daftari la mwanafunzi anainuka kufungua dirisha, na mwalimu mkuu, mwanamume, anatania kwamba umeme wa shule utaongezeka bili. Joto lina watu wa kukuonea huruma. Yapo mengine hayana mtu.

Nitayataja kwa majina yake, maana kuyazungukazunguka ndiko kulikonichelewesha. Uke ulikauka, kiasi kwamba nikitembea kwenda shule nahisi msuguano. Tendo la ndoa likawa maumivu, si maumivu ya tumboni bali pale pale mlangoni, kuwaka na kuchanika. Kesho yake haja ndogo inachoma. Mkojo ukinijia haunisubiri, usiku naamka na kuamka tena. Na nikipiga chafya, matone yanatoka. Hili la matone, kwa mtu anayeswali, ni mtihani wa peke yake: umetia udhu, umesimama, umeinama kurukuu, kikohozi kimoja tu na udhu umekwenda. Nilifika mahali naswalia nyumbani hata siku ambazo wenzangu wananipitia twende pamoja.

Kwetu mwanamke akisema mkojo unamchoma, jibu liko tayari kabla hajakaa kitini: una UTI. Pale zahanati nilikuwa nasema tumbo la chini linasumbua na mkojo unachoma, basi. Lililobaki nalimeza. Napewa vidonge, napata nafuu kidogo, yanarudi. Nikirudi naongezewa dawa kali zaidi, mpaka nikapewa na jina: UTI sugu. Hakuna aliyeuotesha mkojo wangu aone kama kweli kuna wadudu na ni wa aina gani. Zile antibayotiki nazo zikaniletea fangasi, sasa ikawa kuwaka na kuwasha. Simlaumu sana yule wa zahanati. Foleni imefika nje kwenye mwembe, na yeye anaandika kile unachokisema.

Mtaani nako dawa hazikosekani. Shosti yangu mmoja, kwa mapenzi kabisa, aliniletea kipande cha shabu ili "nirudi usichana". Wapo wanaotumia ugoro, wapo wanaokaa juu ya maji ya moto yenye chumvi, wapo wanaojisafisha ndani kwa sabuni ya maji yenye harufu ya mawaridi. Shabu kazi yake ni kukausha na kukaza. Mtu aliyekauka tayari, ukampa shabu, umemfanyia nini? Niliipokea nikashukuru, nikaiweka juu ya kabati, naamini iko huko mpaka leo.

Mume wangu si mtu wa maneno. Nilipoanza visingizio, leo kichwa, kesho nasahihisha mitihani, hakuuliza. Akaanza kuchelewa barazani kwenye bao, anarudi nimeshalala au nimejilaza kama niliyelala. Wanawake wa mtaani kwetu Ngamiani wanajua mume akianza kupenda bao uzeeni maneno gani yanafuata, na jirani zangu hawakuniangusha: yakaja.

Mara ya kwanza nilipojikaza kusema, nilimchagua muuguzi mwanamke, mtu mzima, umri wangu. Nilidhani huyo hatahitaji maelezo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa tendo la ndoa linaniuma. Akanitazama, akacheka cheko la kirafiki, akasema, "Mama na wewe, umri huu bado unayataka hayo? Mwachie baba aoe, wewe shika tasbihi." Nikacheka naye. Ndivyo inavyokuwa, unacheka kisha unaondoka. Njiani nilikuwa nafikiria kwamba yeye mwenyewe huenda yanamkuta, na hilo ndilo alilojiambia.

Nilichojifunza pale ni kutomchagua msikilizaji kwa kumtazama sura. Aliyenisikiliza baadaye alikuwa mtu ambaye ningempita mlangoni.

Nilipewa rufaa kwenda hospitali kubwa kwa sababu ya hiyo UTI sugu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichana karatasi katikati ya daftari nikaandika. Mwalimu akishindwa kusema huandika, na hapo hakuna anayemkodolea macho. Niliandika hivi:

"Hedhi imekoma, zaidi ya mwaka. Uke mkavu, unawaka. Tendo la ndoa linauma mwanzoni mwa kuingia, si ndani sana. Mara nyingine nikijifuta baadaye naona damu kidogo. Mkojo unakuja kwa haraka, usiku naamka. Nikikohoa unatoka. Nimetumia antibiotiki nyingi, yanarudi. Sitaki antibiotiki nyingine kabla sijapimwa vizuri. Nataka kujua kama mambo haya yana dawa."

Ile sentensi ya damu niliikata, nikaiandika tena, nikaikata tena. Mwisho nikaiacha. Ndiyo iliyokuja kuwa na uzito kuliko zote.

Asubuhi nikaingia chumba cha dokta. Kijana! Ndevu bado hazijamkaa sawasawa, umri wa mwanangu wa pili. Akanyanyuka kidogo kitini, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, na moyoni nikasema leo tena itakuwa tumbo la chini. Mtu akishakuamkia shikamoo amekuwa mwanao, na mtoto hasimuliwi ya chumbani kwa baba yake. Isitoshe pembeni walikaa wanafunzi wawili wa udaktari na kalamu zao. Nikakumbuka nina haki ya kuomba. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba tubaki wawili." Hakuuliza kwa nini. Wanafunzi wakatoka, nikamsukumia karatasi mezani, nikatazama ukutani kwenye bango la kunyonyesha.

Akaisoma hadi mwisho. Sikusikia kucheka wala kuguna. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, umenirahisishia kazi. Haya yana dawa." Kisha akaniomba ruhusa: atauliza maswali ya wazi, na lolote nisilolitaka nimwambie alipite.

Maswali yake ndiyo nayotaka wanawake wenzangu wayajue, kwa sababu ukiyajua mapema unafika na majibu. Hedhi ya mwisho lini? Hapo wengi tunababaika. Mimi nilikuwa na kipimo changu: Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima, sikuwa na siku ya kulipa, na ile ya kabla yake nilikuwa nimebaki na deni. Akahesabu, akasema ukipita mwaka mzima bila damu ndipo tunasema hedhi imekoma, na wengi huwafikia kati ya miaka 45 na 55. Maumivu yako mlangoni au ndani kabisa? Yapo hata usipokutana na mume? Najisafisha kwa kitu gani? Natumia dawa gani? Kuna saratani ya titi, kwangu mimi au kwenye ukoo? Nimewahi kupata damu kuganda mguuni? Halafu akarudi kwenye ile sentensi iliyokatwakatwa: hiyo damu ni baada ya tendo tu, au hata bila tendo?

Akanieleza kuwa damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, haiachwi ipite. Mara nyingi ni ngozi iliyosinyaa tu imechubuka. Lakini ndiyo dalili ya kwanza pia ya saratani ya ukuta wa kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo huja na damu baada ya tendo. Kwa hiyo hakuandika dawa siku hiyo, aliandika vipimo. Mkojo ukaoteshwa, hakukuwa na wadudu. Sukari ikapimwa, kwa sababu kukojoa mara kwa mara kunaweza kuwa kisukari, ilikuwa sawa. Altrasaundi ya kupima unene wa ukuta wa kizazi, ambao kwa aliyekoma hedhi ukiwa milimita 4 au chini yake unatuliza moyo. Na kukwanguliwa seli za mlango wa kizazi zikatazamwe maabara. Nikamuuliza mbona tunasikia kinapakwa siki tu ukapewa jibu hapo hapo? Akasema siki inafaa zaidi kwa walio chini ya umri wangu. Hedhi ikishakoma, sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani.

Uchunguzi wenyewe niliuogopa kuliko kujifungua. Akamwita muuguzi wa kike asimame nami, nikafunikwa shuka. Kuna kile kifaa kama mdomo wa bata, spekulamu. Nilikuwa nimeshaandika kuwa naumia, hivyo akachukua kidogo kuliko vyote, akakilainisha, akaniambia nikisema basi anaacha. Nilisema basi mara moja na kweli akaacha, nikapumua, tukaendelea. Kabla ya siku ile sikujua kuwa vinatofautiana ukubwa. Mwanamke anaweza kuomba kidogo. Anaweza pia kuomba muuguzi wa kike awepo, na hilo si jeuri.

Akiwa ananawa mikono ndipo akanieleza kilichonipata, na hapa mwalimu wa sayansi nilikaa kimya kama mwanafunzi. Ovari zikistaafu, homoni ya estrojeni inashuka. Ngozi ya uke iliyokuwa nene na yenye mikunjo inakuwa nyembamba, haivutiki, haitoi majimaji. Ile asidi ya kawaida ya ukeni, inayotunzwa na bakteria wazuri, inapungua, na wadudu wabaya wanapata nafasi. Ndiyo maana UTI za kweli nazo huongezeka kwa umri huu. Njia ya mkojo na shingo ya kibofu zinaitegemea homoni ile ile, hivyo vinalegea pamoja. Joto la ghafla kwa wengi huisha lenyewe na miaka. Hili la ukavu haliishi lenyewe, usipolitibu huzidi. Mimi nilikuwa nalivumilia lipite.

Majibu yalichukua wiki kadhaa, na wiki hizo sitazisimulia. Yakaja mazuri.

Dawa aliyoniandikia ni krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo, kwa mrija wake wa kupimia: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nikashtuka. Homoni si ndizo zinaleta saratani? Hakunikatiza. Akasema hofu hiyo ilitia mizizi mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani juu ya vidonge vya homoni uliposimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu, pamoja na mengine, saratani ya titi ilizidi kidogo kwa waliomeza. Wale walimeza homoni mbili pamoja, zinazokwenda mwili mzima. Krimu ya dozi ndogo hufanya kazi pale ilipowekwa, na inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Aliyewahi kuugua saratani ya titi, huyo asijiandikie wala asiazime ya jirani, akazungumze kwanza na daktari wake wa saratani.

Kuandikiwa ni jambo moja, kuipata ni jingine. Maduka ya dawa ya hapa mjini nilizunguka, wengine hawakuijua hata kwa jina. Mdogo wangu aliyeko Dar ndiye aliyeipata kule Kariakoo, baada ya kuzunguka sana na kunipigia simu kuuliza, kwa sauti ambayo nina hakika abiria wote wa daladala waliisikia, "Dada, hii ya ukeni ni ya gramu ngapi?" Bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Tyubu moja hata hivyo, ukifika kwenye mara mbili kwa wiki, inakaa.

Kilainishi nacho kina hadithi yake. Dokta aliniambia wakati nasubiri krimu ikae mwilini, maana yaweza kuchukua hata miezi mitatu kufikia nguvu yake, nitumie kilainishi wakati wa tendo. Basi nenda kaombe kilainishi duka la dawa ukiwa mama mwenye buibui! Kijana wa kaunta alinitazama juu mpaka chini, akasema "hiyo hatuuzi", akatazama pembeni. Julai 2016 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa Serikali imepiga marufuku uingizaji wa vilainishi hivyo, katika mambo ya kupambana na VVU na mapenzi ya jinsia moja. Sijui ni nani aliyewakumbuka bibi harusi wa zamani siku ile. Nilirudi kwa dokta na hasira yangu. Akauliza, "Mama, mnatumia kondomu?" Nikasema hapana. "Basi mafuta safi ya nazi, yasiyo na manukato, yatafaa kwa sasa. Kwa anayetumia kondomu hapana, mafuta huziharibu mpira ukapasuka." Mtu wa Tanga kuambiwa dawa ni nazi! Nilikuna mwenyewe, nikapika tui, nikachuja.

Sabuni ndani nikaacha, maji matupu nje yanatosha. Na matone nikapewa mazoezi: kubana misuli ile unayozuilia mkojo, kushikilia sekunde chache, kuachia, kurudia mara kumi hivi, na kufanya hivyo mara tatu kwa siku. Aliponielekeza nikajikuta natabasamu. Somo yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kubana huko huko, kwa nia nyingine kabisa, na nikaacha baada ya mtoto wa tatu. Sasa nabana nikisimamia mtihani, nabana nikisubiri chai. Baada ya muda, chafya zikarudi kuwa chafya. Kuswali na wenzangu nimerudi.

Wapo walioniuliza baadaye, chumba cha walimu hakina siri. Huwa nawaambia jambo moja zaidi ya mengine: lile la aibu litangulie. Usianze na kichwa, mgongo, presha, ukalitunza lile hadi umeshika kitasa cha mlango. Dokta ana wagonjwa wamejaa kwenye benchi, akilisikia umeshafika mlangoni atakuandikia la harakaharaka. Usipoweza kusema, andika. Na ukichekwa, kama nilivyochekwa mimi, aliyecheka si hospitali nzima. Yupo mwingine chumba cha pili. Sikubali kabisa ile kauli ya "ni umri tu". Macho yakififia kwa umri tunanunua miwani, hakuna anayetuambia tushike tasbihi.

Mume wangu nilimwambia baada ya majibu kutoka. Nilitumia karatasi ile ile, nikamwekea kando ya kikombe cha kahawa nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa bado ameishika. Akasema alidhani nimemchoka. Nami nikamwambia nilidhani anatafuta mke barazani. Tukakaa kimya kidogo, kahawa ikapoa. Kisha akaanza kuzunguka, mara vidonge vyake vya presha, mara umri, mara habari ya mzee mmoja wa baraza ambaye sikumjua, eti tangu aanze vidonge vya presha nguvu zake si zile. Nikamwacha azunguke. Akamalizia kwa kuuliza kama yule kijana dokta anatibu na wanaume.

Nikamwambia anatibu, kliniki yake ni Jumanne, na karatasi ya huyo mzee wa baraza aiandike mwenyewe.